Matambara kwenye matundu ya upepo: kisa cha makazi ya wazee pwani ya Tanzania

Makazi haya yapo katika mkoa mmoja wa pwani. Jina lake, la taasisi inayoyaendesha na la kila aliyehusika nimeyaondoa, na vipimo viwili vitatu nimevisogeza kidogo ili mahali pasijulikane. Mfuatano wa mambo sikuugusa. Mimi niliitwa jengo jipya likiwa limeshakaliwa, ili nilikague kabla msanifu hajaanza kuchora la pili, nikakabidhiwa michoro, barua na kumbukumbu za vikao.

## Usuli

Makazi yalianza miaka ya 1970 kwa mabweni mawili marefu ya tofali za saruji, bati tupu bila dari, madirisha yote yakitazama magharibi. Aliyewahi kulala chumba cha magharibi pwani mwezi wa Februari hahitaji maelezo: saa kumi alasiri jua limeshaingia kitandani, na saa nne usiku ukuta bado unatoa joto. Wahudumu walizoea kuwatoa wazee na magodoro yao chini ya mwembe baada ya chakula cha mchana na kuwarudisha jua likizama. Wasioweza kuinuka walibaki ndani wakipepewa kwa khanga. Msimu wa kaskazi ulikuwa haupiti bila mmoja wao kukimbizwa hospitali akiwa ameishiwa maji mwilini.

Hapo hapakuwa na uzembe wa mtu. Mwili wa mzee unachelewa kutoa jasho, na kiu haimjii sawasawa hata maji yakiwa yamepungua. Akiwa anameza zile dawa za presha zinazoongeza mkojo, hali inakuwa mbaya zaidi.

Inafaa pia kujua ni wazee gani wanaofika hapo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitazama familia kama mlezi wa kwanza na makazi kama kimbilio la mwisho. Kwa hiyo anayefika ni yule aliyebaki hana mtu: umri umekwenda, macho yamefifia, kusimama ni kwa mkongojo. Kati ya wakazi 36 walikuwamo wachache waliougua ukoma zamani. Walishapona, ila vidole vimepungua na viganja vimebaki na ganzi. Hili la mikono litarudi.

Mfadhili alijitokeza kujenga jengo moja la vyumba 18, kwa sharti kwamba litumie umeme kidogo na vifaa visivyoharibu mazingira. Kiyoyozi hakikuwamo katika mazungumzo, na kwa kweli hakuna ambaye angekilipia bili.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Msanifu aliyepewa kazi anaijua pwani. Alilaza jengo mashariki–magharibi, vyumba vikitazama kaskazini na kusini. Katika latitudo ya nyuzi 5 au 6 kusini mwa ikweta, jua la mchana linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linapita juu ya kichwa kabisa. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na upenu tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi haukingiki hivyo, maana jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini na kupenya chini ya upenu. Kwa hiyo pande hizo mbili aliziba, akaweka stoo na vyoo.

Kuta zilijengwa kwa tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini. Udongo ulichimbwa hapo hapo, kwenye shimo lililokuja kuwa tanki la maji ya mvua. Tofali za kuchoma zilikataliwa kwa sababu ya kuni zinazoteketea tanurini. Nje ukuta ulipigwa chokaa. Juu: bati jeupe, dari, na nafasi ya hewa katikati yenye matundu kwenye mgongo wa paa, upenu ukitokeza zaidi ya mita moja. Paa ndilo linalopigwa na jua kutwa, na fedha nyingi zilikwenda huko. Ningefanya vivyo hivyo.

Jengo lina mabawa mawili ya vyumba tisa tisa, yakitazamana, varanda ndefu mbele ya kila bawa, na katikati ua wenye miti na mabenchi. Wazo lilikuwa kwamba wazee watashinda humo kivulini, salama, mbali na vumbi na kelele za barabara.

Kisha kuna uamuzi mmoja ulioandikwa katika kumbukumbu za kikao kwa maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi: "Wahudumu ni wachache, jengo lijiendeshe lenyewe." Kutokana na sentensi hiyo yalipatikana mambo mawili. Juu ya kila dirisha na chini ya dari palijengwa mstari wa tofali za matundu zilizo wazi daima, upepo uingie na kutoka bila mtu kufungua wala kufunga. Na taa za varanda, zinazotumia sola, zilifungwa vihisio vya kuziwasha mtu akipita na kuzizima baada ya nusu dakika, ili betri zisiishe.

Wazee waliulizwa? Waliulizwa. Kikao kimoja, chini ya mwembe, mfadhili akiwapo. Kumbukumbu zinasema wazee walishukuru na kuomba dua. Sijui nani alitegemea jibu jingine. Mtu anayelishwa na kuvishwa kwa hisani, akiulizwa mbele ya mwenye hisani kama ana la kusema, atashukuru.

## Yaliyotokea

Wazee walihamia Desemba, kaskazi ikianza kupamba moto, na jengo likafanya kazi yake. Matroni aliweka kipimajoto kimoja kwenye bweni la zamani na kingine jengo jipya, akawa anaandika kwenye daftari saa tisa alasiri kila siku. Tofauti ilikuwa nyuzi nne hadi tano. Magodoro hayakutoka tena nje. Msimu ule hakuna aliyepelekwa hospitali kwa joto.

Tatizo la kwanza lilionekana varandani, usiku. Varanda ina urefu wa mita 30 na choo kiko mwisho. Mzee anayetembea kwa mkongojo akienda nusu mita kwa sekunde amejitahidi sana, na hata kwa mwendo huo kutoka chumba cha mwisho ni dakika nzima. Taa ilimwacha katikati ya njia, gizani. Tena vihisio vilikuwa ncha mbili za varanda tu, na kihisio cha namna ile kinatambua vizuri mtu anayekatisha mbele yake, ila anayekijia moja kwa moja, taratibu, akiburuta miguu, kinaweza kisimwone kabisa. Tukumbuke na macho: jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Wengine waliambizana kwamba taa zina mtu wake. Mwezi wa tatu bibi mmoja akaanguka akavunjika kifundo cha mkono.

Siku ya pili yake fundi umeme wa mtaani aliitwa, akaviruka vihisio vyote kwa waya, taa zikawaka moja kwa moja. Taa 10 za wati 9 kwa saa 12 ni zaidi ya wati-saa 1,000 kwa usiku mmoja, na betri zilikuwa zimepimwa kwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Saa nane usiku kila kitu kilizimika, na friji la dawa likazimika nalo. Betri zinazomalizwa namna hiyo kila siku hazidumu. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimechoka.

Halafu ikaingia kusi. Joto la usiku pwani mwezi wa Julai hushuka hadi nyuzi 20 au 21, na watu wazima wenye nguvu zao wanaufurahia msimu huo. Mtu wa miaka 80 mwenye nyama kidogo na damu inayokwenda polepole, amelala chini ya tundu ambalo kusi inavuma moja kwa moja, anatetemeka usiku kucha. Wazee waliomba mablanketi. Yalipopatikana, hayakutosha. Matroni ananiambia aliamka asubuhi moja ya Juni akakuta mwanga wa varandani umebadilika, akainua macho: matundu ya chumba namba nne yalikuwa yamezibwa yote. Vipande vya khanga, magazeti yaliyokunjwa, mfuko wa unga, soksi. Babu wa chumba kile hawezi kufika juu; alimlipa kijana wa jikoni. Kufikia Julai vyumba vyote vya bawa la kusini vilikuwa hivyo.

Alivumilia, na sidhani kama palikuwa na la kufanya. Lakini matambara yaliyoingia Juni hayakutoka Desemba. Nyavu za mbu zilizokuwa nyuma yake zilishika unyevu na kuota ukungu, hakuna aliyetaka kuzigusa. Kaskazi ya pili ilipofika, daftari la matroni lilionyesha tofauti ya nyuzi moja, siku nyingine hakuna tofauti kabisa. Taarifa iliyomfikia mfadhili ilisema kwa kifupi kwamba jengo la kijani, yaani la kuzingatia mazingira, halikufaa. Hapo ndipo nilipoitwa.

Katika kaskazi hiyo hiyo, mwezi wa Februari, tanki la mvua likakauka. Na mabomba ya kunawia yalikuwa na koki za mviringo za kuzungusha, ambazo waliougua ukoma na wenye baridi yabisi hawakuweza kuzifunga hadi mwisho, maji yakawa yanachuruzika usiku kucha. Ni kasoro ndogo, lakini ilimwaga maji mengi.

Na ua? Ua ulikuwa mtupu. Nilipofika saa kumi jioni, miti ilikuwa imeshakua, kivuli kizuri, mabenchi yamefagiwa, na wazee wote wanaojiweza walikuwa wamekaa juu ya matofali na ndoo zilizopinduliwa kando ya geti, juani. Nilimwamkia bibi mmoja, akaitikia marahaba, akanisogezea ndoo. Nikamuuliza mbona hawakai ndani kwenye kivuli.

"Huko kuzuri, mwanangu," akasema. "Lakini nani anapita?"

Wakati tunaongea alipita muuza samaki, wakapita watoto wa shule, wote wakatoa shikamoo. Nikaelewa.

## Marekebisho

Fedha zilikuwa chache, na pengine hilo lilisaidia.

Matundu tuliyagawa. Theluthi yaliachwa wazi daima, kwa ajili ya hewa safi na unyevu. Chumba cha wagonjwa hakifungwi kabisa hewa. Theluthi mbili zilizobaki seremala alizitengenezea vibao vyenye bawaba, vinavyovutwa kwa kamba nene inayoning'inia hadi usawa wa kitanda, mwishoni ikiwa na fundo kubwa linaloshikika hata kwa kiganja kisicho na vidole. Kamba ya kufunga nyekundu, ya kufungua nyeupe. Nyavu zilihamishiwa mbele ya kibao ili ziweze kufuliwa. Kazi yote ilifanywa na fundi wa mji ule ule.

Vihisio viliondolewa. Varandani tuliweka taa ndogo 18 za wati 1, kwenye usawa wa goti, zikiangaza sakafu tu, zinazowaka usiku kucha. Jumla ni wati-saa 216 kwa usiku, moja ya tano tu ya ile ya kuruka vihisio, na hazimpigi mtu machoni anapoinuka. Reli ya kushikia ilipakwa rangi ya kahawia iliyokolea ili ionekane dhidi ya ukuta mweupe. Friji la dawa likapewa betri yake peke yake, isichanganywe na chochote.

Koki zilibadilishwa kuwa za mkono mrefu, zinazosukumwa kwa kiwiko.

Maji yalihitaji hesabu kuliko ujenzi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita mraba 400, kwa mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka na robo moja ikipotea njiani, linatoa lita 360,000. Makazi yote yanatumia lita 60 kwa mkazi kwa siku, yaani zaidi ya lita 2,000, sawa na karibu lita 790,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hata tanki lingekuwa kubwa namna gani, paa lile peke yake halikuweza kuwatosha. Na tanki lenyewe, la lita 60,000, kwa matumizi yale linaisha kabla ya mwezi, wakati Januari na Februari zinaweza kupita karibu bila mvua. Pendekezo la kujenga tanki la pili lilikuwa mezani. Badala yake iliwekwa kanuni: kuanzia Desemba maji ya tanki ni ya kunywa, kupikia na kuogesha wagonjwa tu, lita 20 kwa mtu, na kufua na vyoo vinategemea bomba la mamlaka ya maji. Kwa kiwango hicho tanki linadumu siku 83.

Kando ya geti palijengwa baraza. Ukuta mnene wa udongo na chokaa, kimo cha sentimita 45 ili mzee aweze kuinuka, mikono ya kuegemea kila baada ya nafasi mbili, paa la makuti, na njia ya mteremko ya kiti mwendo kutoka varandani, ikipanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Hiki ndicho kitu pekee kipya tulichojenga. Nilipendekeza kiwe na nafasi 12. Matroni akasema 20, na akawa sahihi.

## Matokeo

Kusi iliyofuata vibao vilifungwa usiku na kufunguliwa asubuhi, mara nyingi na wenyewe waliolala humo. Kaskazi iliyofuata daftari lilirudi kwenye tofauti ya nyuzi nne. Hakuna aliyeanguka varandani usiku tangu taa za chini ziwekwe, ingawa jengo moja na mwaka mmoja haviruhusu kudai makubwa. Tanki lilifika Machi. Betri mpya bado zina nguvu. Ua unatumika kuanikia nguo.

## Uchambuzi

Ukisoma taarifa ya mfadhili unaweza kudhani kilichoshindwa ni elimu ya ujenzi wa kuzingatia mazingira. Sivyo. Mwelekeo wa jengo, bati jeupe, dari, upenu, tofali za kufungamana, vyote vilitimiza kilichotarajiwa na havikuhitaji kuguswa. Kaskazi ya kwanza ilithibitisha hilo kwa namba. Nasisitiza kwa sababu kesi kama hizi hutumiwa kuhalalisha kurudi kwenye bweni la bati tupu na feni.

Kilichoshindwa ni ile sentensi ya kikao. Jengo lijiendeshe lenyewe. Nia yake ilikuwa njema na hoja yake ilikuwa na uzito: wahudumu watano mchana na wawili usiku hawawezi kuzunguka vyumba 18 wakifungua na kufunga. Lakini msanifu alihesabu mikono ya wahudumu akasahau mikono ya wakazi. Mzee mwenyewe yupo chumbani saa 24, anajua anavyosikia baridi kabla ya mtu mwingine yeyote, na kuvuta kamba anaweza. Aliponyimwa njia ya kufunga tundu, alitafuta ya kwake, na njia ya kwake ilikuwa tambara lisilofunguka tena. Fundi wa mtaani aliyeruka vihisio alifanya jambo lile lile kwa waya. Katika visa vyote viwili marekebisho ya mtumiaji yalikuwa na akili, ila yaliua kile kilichookoa nishati, kwa sababu jengo halikumwachia nafasi ya kati baina ya wazi daima na kufungwa daima, au baina ya giza na taa zote.

Kuna kosa jingine la kupima. Vipimo vyote vya usanifu vililenga Februari. Hakuna mahali katika michoro au barua ambapo Julai imetajwa. Naelewa inatokeaje: ukichorea pwani, adui unayemjua ni joto, na usiku wa nyuzi 20 haumjii mtu akilini kama tatizo. Kwa jengo la shule au ofisi usingekuwa tatizo. Kwa wazee kiwango cha kustahimili baridi na joto ni chembamba pande zote mbili, na upepo unaomwokoa alasiri ya kaskazi ndio unaomkosesha usingizi usiku wa kusi. Anayechora makazi ya wazee lazima achore misimu miwili.

Kuhusu ua sina ukali mwingi. Ni wazo linalopendeza kwenye mchoro, na katika nyumba nyingi za Waswahili ua ni moyo wa nyumba. Ila ua wa nyumba una jiko, watoto, mabishano, mgeni anayeingia bila hodi. Huu haukuwa na chochote kati ya hivyo. Baraza la mbele ya nyumba liko pwani tangu zamani kwa sababu hiyo hiyo aliyoisema bibi, na kwa mtu asiye na ndugu salamu za wapita njia ni sehemu kubwa ya siku. Msanifu alipima kivuli. Wazee walikwenda walikopita watu.

Mambo mawili hayajamalizika. La kwanza ni betri. Zitakufa tena baada ya miaka kadhaa, na hakuna fungu lililotengwa, kwa kuwa mfadhili hutoa fedha za kujenga na bajeti ya uendeshaji ni ya chakula na dawa. Nimeandika kwamba fungu hilo lisipowekwa katika mkataba wa jengo la pili, sola isiwekwe kabisa, bali umeme wa gridi na taa zile zile ndogo. Pendekezo hilo halikupendwa.

La pili ni utaratibu wenyewe. Niliomba kijengwe kwanza chumba kimoja cha jengo la pili, alale humo anayetaka kwa kusi moja na kaskazi moja, ndipo vingine 17 vifuate. Mfadhili alisema mwaka wa fedha hauruhusu. Tulichokubaliana kati ya taasisi na mkandarasi ni kwamba sehemu ya malipo itazuiwa hadi misimu yote miwili ipite, na itumike kwa marekebisho yatakayoombwa na wakazi, wakisikilizwa na matroni peke yake, bila mgeni yeyote kuwapo. Kipengele hicho kimeshaingia kwenye rasimu ya mkataba.